Vibuyu vya Kuvukia Taru

Asubuhi ile siisahau, mwanangu, na reli bado kuwekwa. Mizigo ya safari imepangwa uwanjani karibu na Ngome, nami ndiyo kwanza nimefanywa mnyapara wa wapagazi. Nimeshika bakora yangu, najiona nimefika.

Bwana wetu alikuwa Mzungu mpelelezi wa nchi za bara. Alikuwa amesikia kuwa mwenzake katangulia kwenda kuliona ziwa, basi akataka tuondoke saa ile ile. Nikamjibu ndiyo, bwana. Nami najua vibuyu vya maji ni vipya, havijalazwa.

Desturi yetu, kibuyu kipya hujazwa maji kikalazwa juu ya mchanga mkavu. Kukicha, ukikuta mchanga umerowa, kibuyu hicho huendi nacho Taru. Taru ni nyika isiyo na maji. Wewe huipita umesinzia ndani ya gari la moshi, utaijuaje?

Mzee Mwinyi, kiongozi wetu wa njia, akaniita kando. Hakupandisha sauti.

"Bakora umepewa uwasemee watu," akaniambia. "Wake zao wakikaa eda, utakwenda kuwaambia nini?"

Nikarudi kwa Mzungu, nikamwambia hatuondoki mpaka vibuyu vilale. Akafoka, akaninyang'anya bakora akampa mwengine. Nikaketi juu ya mzigo wangu. Wapagazi nao wakaketi, mmoja baada ya mmoja, hata yule aliyepewa bakora. Vibuyu tukavijaza, tukavilaza mchangani, nasi tukalala papo hapo. Asubuhi, chini ya vibuyu vingi mchanga ulikuwa chepechepe. Mzungu akautazama, kisha akaamuru vinunuliwe vyengine, navyo vilazwe kwanza.

Bakora hakunirudishia. Nilikwenda bara na mzigo kichwani, na huko Taru, midomo ilipomkauka Mzungu, alikuja kuninyooshea mkono. Nikampa kibuyu changu, akanywa. Tulivuka sote.

Sasa wewe umefanywa msimamizi wa wachukuzi gatini Mbaraki, na kofia mpya nimeiona, imekukaa. Wasemee watu wako kabla mzigo haujainuliwa, usingoje mtu aumie. Wakikuvua hiyo kofia, inama ubebe pamoja nao. Mola akupe ulimi usiotetemeka, na kila unayemtoa kwake asubuhi, akujaalie umrudishe jioni kwa mkewe. Amin.