Dumu Lisilovuja

Miaka kumi na miwili nimesubu sufuria hapa Kashojwa, kambini kwa wakimbizi. Nayeyusha vipande vya injini na masufuria yaliyotoboka, namimina kwenye kalibu ya mchanga. Sufuria zangu zimefika Kabingo, zimefika hata Mbarara. Mimi nimebaki hapahapa, na sijazoea.

Siku moja akaja kibandani mama mmoja mchongaji, Mganda wa Mbarara. Kazi yake ni kusubu vitu vya kila siku kwa madini: kandambili, chupa ya soda, mche wa sabuni. Watu huenda kuvitazama tu. Nilimcheka moyoni. Akaniomba nimsubie dumu letu la maji, kama lilivyo. Likitoka vizuri, atanichukua karakanani kwake pamoja na mke wangu, na chumba kipo. Jioni hiyohiyo tulianza kubishana kitanda kitakaa upande gani.

Dumu tulipewa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, siku tulipofika. Lilikuwa na ufa ubavuni, na kila tukiuziba kwa plastiki ya moto unafunguka tena. Sasa, fundi wa sufuria hatoi chombo kinachovuja. Afadhali aitwe mwizi. Kabla ya kulikandamiza mchangani nililiziba barabara, nikalisugua mpaka likawa laini. Kizuri chajiuza. Nikamimina; dumu la alumini lilipopoa nikalijaza maji, halikudondosha hata tone. Mjinga mimi, nikajivuna.

Mchongaji aliligeuzageuza.

"Fundi, hii ni mpya. Mimi nilitaka ile mbaya, ile ya kupasuka." Akasema atarudi Ijumaa, mara moja tu.

Nikaenda nyumbani na kisu. Mke wangu alikuwa anatoka bombani, dumu la plastiki kichwani, mgongo mkavu kwa mara ya kwanza tangu Kabazana. Nilipomweleza, alimimina maji yote kwenye beseni, akanisukumia dumu.

"Sasa inakamata maji muzuri," akasema. "Lakini pasua. Tutoke huku."

Nikapasua, nikasubu upya. Ijumaa mchongaji alipitisha kidole kwenye ufa mara moja tu.

"Hii ni ya kisu," akasema, kwa upole ulioniumiza. Gari lake likaondoka bila sisi.

La plastiki halizibiki tena. Mke wangu anachotea maji lile la kwanza la alumini, zito hata likiwa tupu. Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.