Kupiga Hodi kwa Mama Hawa

Ushujaa haukunipeleka Jedda, ni mdomo wangu. Mimi ni fundi wa viyoyozi Riyadh. Siku moja, nikitengeneza mtambo kwenye jumba moja la mtaa wa Al-Malqa, dada wa kazi wa nyumba hiyo alinisikia nikijisemea Kiswahili. Ni Rehema, mtu wa Mombasa. Akaniambia mdogo wake, Mwanaisha, alikuwa akifanya kazi Jedda, akaugua, akafa, akazikwa huko huko, makaburi ya Mama Hawa. Yeye alipigiwa simu maziko yamekwisha.

"Madam haniachii kutoka, na makaburini wanawake hawaingizwi," alisema. "Nataka tu kujua yuko mahali gani humo. Silali, kaka Salimu, nikimuwaza peke yake kwa watu wasomjua."

"Hilo niachie mimi," nikajibu kutoka juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Nikamwahidi na picha ya kaburi. Juu ya ngazi mimi huwa mwanamume kweli.

Alhamisi kafili, tajiri wangu, aliponipa ruhusa, nikapanda basi. Nje kulikuwa na mchanga, kisha mchanga mwingine. Ndani, jirani yangu alilala begani kwangu huku nikijikumbusha kwamba nyumbani Tanga nilikuwa nazunguka njia ndefu kwenda dukani ili nisipite makaburini.

Jedda nilipokewa na joto la kunata na rafiki yangu Shaibu, dereva kutoka Unguja. Kila Ijumaa baada ya alasiri, Shaibu huwatembeza Waswahili wageni kwenye makaburi hayo ya kale, ambako inasemekana amelazwa Mama Hawa, mama wa wanadamu wote, akiwasimulia habari za majini wa humo. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ijumaa ile mgeni nilikuwa peke yangu.

"Ukuta ule una jini mwanamke," alininong'oneza tukikaribia geti. "Huita watu. Ukiitika tu, halas, ndo basi tena."

Tukafika getini. Nikafanya lile nililofundishwa na mama kabla ya kuingia kwa watu: nikapiga hodi. Nilipiga kwa sauti, mara mbili.

"Karibu!" ikajibu sauti kutoka ndani ya kaburi.

Sikumbuki kugeuka. Nakumbuka ndara yangu moja ikibaki nyuma, na Shaibu, mjuzi wa majini, akiwa mbele yangu kwa hatua nyingi. Tulisimama kwenye duka la juisi, kila mmoja akidai alikuwa anamkimbilia mwenzake.

Nilirudi kwa ajili ya Rehema. Na ya ndara, nisiseme uongo. Aliyeitika alikuwa mchimba makaburi, kasimama ndani ya kaburi jipya hadi kifuani, koleo mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Mzee Bakari. Alizaliwa Jedda, lakini mama yake alikuwa mtu wa Lamu.

"Tangu mama afe sijasikia mtu akibisha hodi," alisema. "Nimeitika kabla sijafikiri. Samahani kwa mbio."

Nikamuuliza kaburi la Mwanaisha. Akanionyesha mistari na mistari ya mawe, yote hayana jina.

"Hapa hatuandiki, mwanangu. Nami nimezika wengi, sijui yupi ni yupi. Wasalimu wote, naye yumo."

Nikatoa simu, nikalenga jiwe moja zuri. Nani angejua? Nikairudisha mfukoni. Msinisifu, niliogopa Mwanaisha angenifuata hadi Riyadh. Nikawasalimu wote, nikasoma Fatiha. Shaibu aliitikia amina kutoka nje ya geti.

Jumamosi, Riyadh, nilimpigia Rehema, aibu imenijaa.

"Dada, nimeshindwa. Kaburi sikulijua, picha sina." Kisha nikamsimulia yote, hodi, karibu, mbio na ndara. Nilichojifunza safari ile ni kwamba mwoga akivuka jangwa hubaki mwoga yule yule, ila sasa ana vumbi.

Rehema alicheka mpaka nikasikia madam akimwita. Hakwenda.

"Huyo mzee, yuko hapo kila siku?"

"Ndiyo kazi yake."

"Kwa hivyo ndiye alomzika Mwanaisha?"

"Yeye au wenzake, dada. Hakumbuki."

Nikamsikia akilia, taratibu, bila kujificha.

"Haidhuru," akasema. "Maadamu hapo pana mtu wa kumwambia karibu, leo nitalala."