Vumbi Juu ya Paneli

"Umeniuzia paneli mfu, Salmini! Taa inawaka nusu saa, halafu inasinzia kama kuku wa kideri. Chukua kioo chako, nirudishie laki mbili zangu!"

Salmini, fundi wa sola kutoka Kahama, alikuwa hata hajashuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo kwanza, Mama Edson."

"Shikamoo yako haiwashi taa."

"Na ile elfu kumi na tano iliyobaki? Mzee wako aliniahidi kwa mdomo wake."

"Nani analipia maiti?"

Kwao Bhoke, huyo Mama Edson, kule Tarime, mtoto wa kike hafundishwi kunyamaza, na miaka ishirini kwenye machimbo ya Geita haikumfundisha pia. Hizo laki mbili zilikuwa mbuzi wanne. Aliwauza siku mumewe, Onesmo, aliporudi kutoka hospitali na maneno mawili tu: kifua hakitapona, na asivute moshi. Miaka kumi na moja Onesmo alilisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kinga yake kipande cha kanga mdomoni. Ikawa koroboi ikiwashwa ndani, anakohoa mpaka damu.

Majirani walimcheka Bhoke. Mgonjwa ananunuliwa taa? Shemeji yake alitaka fedha iende kwa mganga. Bhoke akanunua sola, wakanuna. Sasa ni wiki ya pili koroboi imerudi. Kama sola ni mbovu, heri fedha irudi, ampeleke Mwanza, hata kama watasikia yale yale.

Salmini alipanda juu ya bati, akapitisha kidole kwenye paneli. Kisha akaomba ndoo ya maji na kitambaa. Maji yaliyoteremka yalikuwa mazito, meupe kama uji.

"Sola ni nzima, mama. Hili ni vumbi la karasha. Ifute kila asubuhi, itakuwakia."

Bhoke aligeuka kutazama karasha, hatua mia kutoka mlangoni, likinguruma kama kawaida. Kila siku alifagia vumbi lake chini ya kitanda, kwenye sufuria, kwenye nywele za watoto. La juu hakuliwaza.

Ndani, Onesmo alikohoa, kikohozi kirefu kisichotoa kitu.

"Kumbe la huko juu linafutika," Bhoke alisema.

Salmini alishuka taratibu. "Nifungue niondoke nayo, au?"

"Iache. Angalau alale bila moshi."

Akafungua pindo la kanga. Elfu kumi na tano ilikuwamo tangu siku ile taa ilipoanza kusinzia. Aliifunga kwa ukaidi tu.

"Basi acha, mama. Mnunulie mzee maziwa."

"Nimekuomba maziwa? Shika. Deni ni lake, aliahidi yeye. Siku ya kuzika, wakisimama kuuliza nani anamdai marehemu, nisikuone umenyoosha mkono."

Salmini alizipokea kwa mikono miwili, akazitia mfukoni bila kuzihesabu.