Mama Chapa na Sare ya Ugenini

Klabuni tulimwita Mama Chapa, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Kazi yake ilikuwa kuchapa. Barua, mihtasari ya vikao, orodha za wachezaji, vyote vilipitia kwenye taipureta yake nyeusi, katika chumba kilichobanwa kati ya ofisi ya mwenyekiti na stoo yangu ya jezi. Ukuta uliotutenga ulikuwa wa mbao nyembamba. Miaka kumi na mmoja nilisikia mashine yake ikigonga tangu asubuhi, na sikumbuki kama niliwahi kuingia mle bila karatasi ya kuchapwa. Nasema haya mapema msije mkanidhania kuwa nilikuwa bora kuliko wenzangu.

Saa saba mchana sisi tulikula uani, kwenye mabenchi, kwa kelele na ubishi wa mpira. Yeye alikula mezani kwake, mlango umeegeshwa. Watu walisema anajivuna. Mimi naona hakuna aliyewahi kumwambia karibu dada, naye hakuwa mtu wa kujipachika. Alipanga chumba kimoja ghorofa ya pili, dirisha likitazama ukuta wa jengo la jirani. Niliwahi kupelekwa huko na barua siku aliyougua. Mezani palikuwa na sahani moja, na kikombe kimoja kimefunikwa juu yake.

Mwaka mmoja likaanzishwa kombe jipya, la mabingwa wa nchi mbalimbali. Lilikuwa halijawahi kuchezwa, na sisi tukaingia vichwa juu, kwa kuwa ubingwa wa nchi ulikuwa kwetu. Kitabu cha kanuni kikaletwa kwa lugha ya waandaaji wenyewe. Mwalimu mmoja akakitafsiri kwa mwandiko wa kuku, na Mama Chapa akapewa akichape. Kurasa arobaini na tatu, nakala sita, kaboni katikati. Viongozi wakazipokea, wakazisifu kwa unadhifu, wakazifungia kabatini. Katika klabu nzima ni mtu mmoja tu aliyekisoma kitabu kile neno kwa neno, kwa sababu vidole vyake havikuwa na jinsi.

Mechi ya kwanza, nyumbani, tulitoka sare ya bao moja kwa moja. Hatukuhuzunika sana. Kwetu ilijulikana kwamba mkitoka sare mara mbili mnakutana mara ya tatu kwenye uwanja usio wa mtu. Ndivyo tulivyocheza tangu enzi za baba zetu, na hakuna aliyefikiria kuwa wengine huenda wanacheza vingine. Kocha akapanga hivyo hivyo: tunakwenda kwao, tunajihami, tunarudi na sare yetu, halafu mechi ya tatu tunawamaliza.

Asubuhi ya safari, basi likiunguruma uani, Mama Chapa alitoka ofisini mbio mbio na karatasi mkononi.

"Kocha, samahani. Kwenye kombe hili hakuna mechi ya tatu. Mabao yakilingana anapita aliyefunga mengi ugenini. Wao wameshafunga moja hapa kwetu. Tukitoka bila bila, tumetolewa."

Kocha akamtazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Mama, wewe shughulika na mashine yako. Mpira tuachie sisi."

Basi zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa napakia mipira, nami nikacheka, tena kwa sauti, ili kocha asikie. Mwenyekiti aliipokea ile karatasi kwa adabu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti. Kisha akaona joto limezidi, akavua koti na kumwachia mkewe aliyekuja kumsindikiza.

Nafasi za msafara zilikuwa chache, kwa hiyo nilibaki. Siku ya mechi, alasiri, watu kama mia mbili walijaa uani, nikaweka redio juu ya kreti. Ilikuwa Jumapili, lakini mlango wa Mama Chapa ulikuwa wazi. Sikujiuliza anafanya nini. Kumbe tangu asubuhi alikuwa amemwomba opereta wa simu amuunganishe na uwanja ule wa ugenini.

Mpira wenyewe, siku hizi vijana wangesema tulipaki basi, wote tumejazana golini kwetu. Kila mpira uliobutuliwa jukwaani tuliushangilia kama bao. Kipindi cha pili mtangazaji akashangaa mbona wenyeji nao wanapoteza muda, wanamrudishia kipa wao mpira, wakati bado ni bila bila. Tukasema wametuogopa. Watu wazima mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyestuka.

Dakika ya sabini na tano Mama Chapa akapenya katikati ya watu mpaka kwangu, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, simu imepatikana. Amepokea mlinzi wa geti, hatuelewani. Wewe ulishinda siku tatu na mtunza jezi wao walipokuja kwetu, maneno yao kidogo unayajua. Njoo umwombe aite mtu wetu yeyote. Bao moja tu, na hawajui."

"Dada, hebu nyamaza tusikie mpira," nikasema. Wala sikugeuka.

Akarudi kwenye simu yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba mlinzi alikuwa ameuacha mkono wa simu mezani akaenda kutazama mechi. Mama Chapa akabaki na chombo sikioni, akisikia uwanja mzima ukivuma, akiita haloo, haloo, mpaka filimbi ya mwisho.

Bila bila. Uani watu walirukaruka, wakapeana mikono, wakaingia hadi maofisini wakitafuta wa kumkumbatia. Wakamtoa Mama Chapa mezani kwake. Akapita mikono hii na mikono ile, mpaka akafika kwangu, nami nikamkumbatia. Mwanzoni alikakamaa. Kisha akaweka kichwa begani mwangu, akanishika mgongo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mtu akamvika skafu ya klabu, mwingine akampa soda, wakamkalisha kwenye benchi katikati ya watu. Alicheka. Sikuwahi kujua kwamba ana mwanya. Akakaa nasi mpaka jua likazama, na hakusema neno lolote kuhusu kanuni.

Kesho yake mwenyekiti akapiga simu kutoka huko: tumetolewa. Klabu ikageuka msiba. Viongozi wakaanza kutafuta mchawi, wakasema ofisi imeficha kitabu. Mama Chapa akawatolea nakala zote sita kutoka kwenye kabati lao, akawafungulia ukurasa wa kumi na tisa. Hakuna aliyemwomba radhi. Barua ya kumfukuza kocha aliichapa yeye.

Na saa saba mchana akaendelea kula peke yake. Mngetegemea angalau mimi ningemwita benchini. Sikumwita. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu ilinifanya nimkwepe zaidi ya zamani.

Alistaafu miaka minne baadaye. Nilimbebea boksi lake la vitu hadi ghorofa ya pili, na pale mlangoni nikapiga moyo konde.

"Dada, siku ile uani ulijua tumetolewa. Kwa nini hukutuambia?"

Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba. Hakuonekana kushangaa, ni kama alilisubiri swali hilo kwa miaka yote minne.

"Mlikuwa mmenishika," akasema. "Ningesema, mngeniachia."

Akafungua mlango, akapokea boksi, akanishukuru kwa taabu yangu, akafunga. Nilisimama pale kwenye ngazi nikitaka kugonga, na sikugonga.