Kijiji Kisichohama

Ieleweke kwa wote kwamba kuanzia Januari 1975 maisha ya kuhamahama yamekwisha. Kila mwananchi ataishi kijijini, atalima ekari moja ya mahindi, na hatahama tena.

Tangazo hilo lilisomwa uwandani, chini ya mji wa Himo. Mmoja wa waliolisikiliza alikuwa Sirili, ambaye hakuwa na ugomvi na mahindi kwa kuwa alikuwa hajawahi kupanda hata punje. Alikuwa mtu wa pori: asali, mizizi, na digidigi akimwona kabla ya digidigi kumwona yeye. Alishushwa kwenye lori pamoja na mkewe Zita na wajukuu wao wawili, Kalisti na Redempta, ambao mama yao alishafariki. Akakabidhiwa jembe na mbegu.

"Nifukie chakula, halafu nikae na njaa nikikitazama?" alimuuliza bwana shamba.

"Miezi minne tu, mzee wangu."

Bwana shamba, Wenseslaus, kijana wa Kilema, kule juu Kilimanjaro, alikuwa muungwana. Aliwapa shikamoo hata watu aliotumwa kuwastaarabisha.

Sirili alilima. Majirani walimcheka kwamba anapanda kama anayetega mitego: shimo moja hapa, jingine kule alikoona dalili. Mahindi yakaota vilevile.

Mwezi Mei, Kalisti alishikwa na kuhara. Maji ya kijiji yalitoka kwenye mfereji, nao mfereji ulipita kwanza kwa ng'ombe. Siku ya tatu mtoto akafa. Sirili alimzika nyuma ya nyumba, kisha akaanza kuibomoa nyumba yenyewe. Kwao mtu akifa, waliobaki huchoma kibanda na kwenda zao siku hiyohiyo, ugonjwa ukabaki peke yake.

Wenseslaus alimkuta ameshang'oa mlango.

"Shikamoo, mzee. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Nampeleka Redempta kwingine, kabla hapa hapajamzoea."

"Pole sana. Lakini sisi kule mlimani tunazikana migombani. Ukishazika mtu, hapo ndipo kihamba, shamba la ukoo, kinakuwa chako kweli. Sasa ndiyo una kwako, mzee."

"Sisi tukishazika tunaondoka."

"Na mahindi?"

Sirili akayatazama. Yalikuwa yamefika kiunoni.

"Hayo hayana miguu," alisema Wenseslaus. "Na ukiondoka, mgambo watakurudisha. Ngoja uvune kwanza."

"Tukienda sasa tutakula nini?" aliuliza Zita. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

Sirili akaurudisha mlango mahali pake.

Mahindi yalipoanza kukauka, Redempta naye akaanza kuhara. Babu yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, ambayo ilikuwa na mhudumu ila haikuwa na dawa. Wakarudi. Alizikwa kando ya kaka yake wiki mbili kabla ya mavuno. Mavuno yalikuwa mazuri, na taarifa ya mwaka ilimtaja Sirili kama mfano wa mhamaji aliyetulia.

Hakuzungumzia tena kuondoka. Alimwomba Wenseslaus machipukizi mawili ya mgomba, akayapanda pale nyuma, moja kwa kila kaburi, na kila jioni akayachotea maji mferejini.

Agosti mwaka uliofuata, bwana afya alikuja kuyapima maji hayo, akaandika kwamba hayafai kwa binadamu. Kijiji kizima kikahamishwa kilomita sita. Lori la mwisho lilichelewa kuondoka, kwa sababu Sirili alikuwa bado anamwagilia.