Kipimo cha Chumvi

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu wa Sabuni. Nyuma ya duka la madaftari alikuwa na chumba chenye benchi, ubao na ndoo, na humo aliwafundisha kina mama wasio na kazi kutengeneza sabuni ya maji na kuiuza. Sharti lake lilikuwa moja: ukipata wateja watatu wa kudumu, mwachie mwenzio nafasi. Alilitunga mwenyewe, nalo ndilo lililomtafuna. Kina mama walijifunza haraka, wakamshukuru, wakaenda zao. Mwaka huo hakuja mwanafunzi mpya, akabaki Mama Pacha peke yake.

Mama Pacha alikuwa na mdomo. “Sabuni hii ingekuwa mume ningedumu naye,” alisema siku moja. “Angalau ukiikoroga inasikia.” Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Nyumbani kwake hapakuwa na wa kumchekesha; binti yake alipiga simu kila Jumapili, dakika tatu, basi.

Kisha Mama Pacha, mwenye wateja wawili, akaagizwa na zahanati ndoo ya sabuni. Somo lililobaki lilikuwa chumvi. Chumvi ndiyo huipa sabuni uzito, ila ikizidi, sabuni hurudi kuwa maji. Aliuliza kipimo.

“Kadiria tu,” Mwalimu alimjibu. “Ikikushinda, rudi.”

Tusimtetee: alifanya makusudi, mtu mzima na mvi zake.

Jumatatu saa sita Mama Pacha alirudi na ndoo, bila utani. Sabuni ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele.

“Wameikataa, Mwalimu. Wamenipa mpaka saa tisa, nikichelewa wananunua dukani. Watoto nimewaacha na chai kavu, nimewaahidi jioni tutapika. Nimekosea wapi?”

Mwalimu alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alitoa akiba yake ya sabuni isiyotiwa chumvi, akaimimina ndooni kidogo kidogo huku mwenzake akikoroga, mpaka mwiko ukaanza kuwa mzito.

“Hukukosea,” alisema. “Ni vijiko vinne kwa ndoo. Nilikuficha. Nilijua ukiipata zahanati hutarudi tena hapa.”

Mama Pacha aliendelea kukoroga. Alifunga kifuniko, akajitwika ndoo, akasimama mlangoni.

“Ungeniambia tu uko mpweke,” alisema. “Ningekuja hata bila ndoo.”

Saa tisa na nusu ujumbe uliingia kwenye simu: “Wamepokea.” Neno hilo tu. Mwalimu aliusoma mara nne akitafuta utani, hakuuona.

Akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: chumvi, vijiko vinne kwa ndoo. Halafu akaketi kwenye benchi, upande wa wanafunzi, akauacha mlango wazi.