Boti ya Injini Mbili Pale Noonkopir

Leo tumeenda kununua boti, na tumerudi bila boti, kama watu wametoka matangani.

Ndiyo, boti. Huku Kitengela, mahali hakuna ziwa. Msicheke.

Ndugu yangu Lemayian anataka kuanza kubeba watalii ziwani. Akaskia kuna boti kuukuu ya injini mbili imewekwa kwa ploti ya mama mmoja hapa mtaani Noonkopir.

Broka aliyekuwa anaiuza akatupokea na maneno matamu. "Injini zote mbili ziko sawa kabisa. Mwenyewe aliacha tu kazi ya maji."

Lemayian akapanda, akashika usukani, akaniambia nimpige picha.

Hapo ndipo mama mwenye boti akatoka kwa nyumba. Akamwangalia broka.

"Usimdanganye huyu kijana. Injini ya kushoto ilizima katikati ya ziwa, na upepo ulikuwa mkali. Ile ingine haikuweza mawimbi peke yake. Boti ilipatikana ikiwa tupu. Bwanangu hakurudi. Na mtoto wetu pia."

Broka akanong'ona, "Mama, unaharibu biashara."

"Wacha iharibike. Huyu pia ako na mama."



Lemayian akashuka polepole. Tulimpa mama pole, lakini hilo neno lilikuwa dogo sana.

Tukiwa kwa geti nikamuuliza mama mbona asiwauzie tu watu wa vyuma kuukuu.

"Nimewaita mara mbili," akasema. "Wakifika na ile mashine ya kukata, nawarudisha."

Nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilimshika tu mkono.